Kiporo chenu, nauli yetu

Kwenu waheshimiwa wenye dhamana ya kupanga, kusogeza na kuahirisha mechi za soka hapa Tanzania,

YAH: MECHI KUAHIRISHWA SISI TUKIWA NJIANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa tawi moja la mashabiki hapa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni daftari: nani amelipa nauli, nani amelipa nusu, nani anasema "nakutumia jioni" tangu mwezi uliopita. Tawi ni la timu gani sisemi, na mechi nitakayoisimulia siitaji, maana naijua nchi yangu. Nikitaja jezi tu, nusu ya wasomaji wataiacha barua hapohapo, na nusu iliyobaki watanishangilia kwa sababu zisizohusika. Leo nisikilizeni kama abiria.

Ilikuwa Ijumaa. Mechi ilikuwa Jumamosi saa 11 jioni, Dar es Salaam. Basi tulilokodi liliondoka stendi ya Nyegezi saa 11 alfajiri likiwa na watu 48, ngoma mbili, vuvuzela zisizo na idadi, na magunia mawili ya dagaa ya mama mmoja anayeuza pale Mwaloni, Kirumba. Mama huyu alikuja na hesabu zake. Dagaa wangepokewa na mdogo wake Temeke, faida ingerudisha nauli, mechi angeitazama bure. Nimehudhuria semina mbili za ujasiriamali na sikuwahi kusikia mpango uliokaa vizuri kuliko ule.

Kiti cha nyuma ya dereva tulimpa mzee mmoja, mstaafu wa reli. Timu ameianza enzi za kutegea mpira redioni, na hajawahi kukanyaga Uwanja wa Mkapa hata siku moja. Wanawe walichanga ili aende. Alivaa jezi juu ya shati, kola akaitoa nje, akaipiga pasi na kola yenyewe.

Shinyanga, Nzega, Igunga. Singida tukala kuku. Manyoni tukachimba dawa. Tulikuwa tunaelekea Bahi, saa 10 jioni inakaribia, simu zikaanza kulia. Ikaanza moja kule nyuma, zikafuata tano, halafu basi zima, kama vyura baada ya mvua. Ilikuwa picha ya barua yenye nembo na muhuri. Mstari wa mwisho ulisema mchezo utapangiwa tarehe nyingine.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kukataa. "Hiyo feki, Katibu," vijana wakasema, na siwalaumu, kwa sababu kila inapokaribia mechi kubwa barua za kughushi huzagaa kwenye magrupu kuliko tiketi. Mmoja akampigia shemeji yake Dar. Shemeji akasema redioni wameshaisoma. Ngoma ikanyamaza. Dereva akapunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara, akageuza shingo na kuniuliza mimi mwenye daftari: "Katibu, tunageuza au tunaendelea?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yetu kilometa zaidi ya 600, mbele zaidi ya 500. Basi limelipiwa kwenda na kurudi, na mwenye basi hawezi kurudisha hela ya gari ambalo tayari limetembea. Fundi seremala mmoja alikuwa ameacha kabati la mteja halijafungwa milango. Kijana wa bodaboda alikuwa amempa mwenzake pikipiki kwa siku tatu na bosi anataka hesabu yake vilevile. Tulibishana karibu nusu saa, jua la Bahi likitupiga upande wa kulia wa basi, mpaka mama wa Mwaloni akasimama akasema dagaa wake hawarudi Mwanza. Basi, tukaendelea. Nataka mjue hivyo waheshimiwa: siku ile safari ya mashabiki 48 iliamuliwa na magunia mawili ya dagaa, maana hapakuwa na mtu mwingine yeyote mwenye mpango.

Nani aliahirisha na kwa nini, siingii huko. Sina ugomvi na mtu. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni saa.

Baadaye, nimetulia, nilipiga hesabu nikakuta taarifa ile ilitoka saa 25 kabla ya mpira kuanza. Kwa kalenda ya ofisini hiyo ni taarifa ya mapema kabisa. Mnakumbuka 8 Mei 2021, Simba na Yanga. Mechi ilipangwa saa 11 jioni, siku hiyohiyo ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walikuja kwa saa ya kwanza, wakasubiri, wakaondoka, wakisimamia hoja kwamba mabadiliko ya muda yanatakiwa kutolewa taarifa saa 24 kabla. Simba walikuja kwa saa ya pili. Mpira haukuchezwa, na watu walikuwa wamekwishaingia uwanjani, tena mwezi wa Ramadhani. Nchi nzima ikajadili saa 24: zilitimia au hazikutimia? Nami nikajadili, kijiweni, kwa sauti kubwa. Ilinichukua safari ya Bahi kugundua kwamba sote tulikuwa tunajadili saa zisizotuhusu.

Saa 24 ni saa za timu. Timu inakaa kambini, ina basi lake, ina mpishi. Ukiiambia saa 24 kabla, inabadili muda wa mazoezi na kulala mapema. Shabiki wa Mwanza, saa 24 kabla ya mechi yuko Dodoma. Wa Bukoba aliondoka kwake kabla ya huyo wa Mwanza, na wa Songea naye yuko barabarani. Kwetu mechi ya Jumamosi jioni huanza Ijumaa alfajiri stendi, na wengine huanza Alhamisi. Mkituambia saa 24 kabla mnatuambia mechi imeshaanza, kama refa anayefuta mchezo dakika ya 60.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kwa kweli ndilo ombi lenyewe, mengine ni ya kusindikizia: muda wa mwisho wa kusogeza mechi msiuhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye filimbi. Uhesabuni kurudi nyuma kutoka basi la mbali zaidi linapoondoka. Wekeni saa 72 kama mnataka namba. Baada ya hapo, jambo lolote lililo ndani ya uwezo wa binadamu, liwe barua, ufunguo wa geti, ratiba ya televisheni au ugomvi wa viongozi, lisiwe tena sababu ya kuahirisha.

Nasema lililo ndani ya uwezo wa binadamu kwa sababu hatukosi utu. Februari 2025 basi la timu ya Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi wakitoka kucheza na Namungo, na mechi yao iliyofuata na Simba ikaahirishwa. Sikumsikia shabiki wa maana akinung'unika. Wachezaji wameumia, utacheza na nani? Mvua ikijaza uwanja mpaka mpira hauendi, tutarudi nyumbani tumelowa na tutaelewa. Hata Mei 2025, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco, ilipotolewa Mkapa ikapelekwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya uwanja, watu walinuna, wakahangaikia boti, wakavuka. Uwanja unaobeba watu 60,000 ukabadilishwa na mdogo kuliko huo, siku chache kabla, na bado siku ya mechi Amaan ilijaa. Mwenye mapenzi ana uvumilivu mwingi mno, na nadhani mmeuzoea.

Turudi kwenye yale ya binadamu. 8 Machi 2025 hamjaisahau. Jumamosi, Ramadhani tena, dabi ya saa 1 usiku na ushee, mtu anapanga afuturu wapi ili awahi geti. Jioni ya kuamkia mechi Simba wakalalamika kwamba wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, haki ambayo kanuni inaipa timu ngeni, wakatangaza hawachezi. Yanga, wenyeji, wakasema wanacheza, na wakaenda uwanjani. Siku hiyohiyo mechi ikaahirishwa. Nani alikuwa sahihi? Kila mtu ana jibu lake na kila jibu lina rangi, na mimi nimeahidi kuivua jezi.

Ninachouliza ni hiki: kwa nini ugomvi wa mazoezi uue mechi? Mpira duniani kote una njia ya kucheza kwanza na kugombana baadaye. Timu inaandika malalamiko, inacheza chini ya malalamiko hayo, Jumatatu mnakaa na faili lenu. Mkimkuta mwenyeji na kosa, mpigeni faini, mnyang'anyeni pointi, fungieni uwanja. Adhabu inaweza kuja hata baada ya wiki tatu na bado ikawa adhabu. Mtu aliyetoka Kahama hawezi kurudi baada ya wiki tatu. Yeye alikuwa na Jumamosi moja.

Halafu angalieni kilichofuata. Mechi ile ikapangwa Jumapili ya 15 Juni. Kabla siku haijafika ikasogezwa tena, hadi 25 Juni. Hiyo 25 Juni ilikuwa siku gani? Jumatano. Ilichezwa, Yanga wakashinda 2-0, ikaingia kwenye vitabu na mambo yakaisha. Kwenye daftari langu hayakuisha. Jumatano kwa mtu wa Kanda ya Ziwa maana yake ni Jumanne barabarani, Jumatano uwanjani, Alhamisi barabarani. Siku tatu za kazi. Mwalimu hawezi. Mwenye duka la mtu hawezi. Wenye Jumatano mikononi mwao ni wachache, na wengi wao wanaishi umbali wa daladala moja kutoka uwanjani. Ujerumani mashabiki waligombana na wenye ligi kwa sababu ya mechi za Jumatatu usiku, hoja yao ikiwa hiihii ya mtu wa mbali na kazi ya kesho yake, na tangu msimu wa 2021/22 Bundesliga haina tena mechi za Jumatatu. Sisi hatujafika kugoma. Tunaandika barua.

Mechi hizi mtaani tunaziita viporo, na nadhani jina limetulia kuliko mnavyofikiri. Kiporo kinalika, tena kuna viporo vitamu kuliko chakula chenyewe, wali wa jana na chai ya rangi nani asiyeujua? Lakini kiporo ni cha aliyelala pale nyumbani. Mgeni aliyepikiwa jana na akaondoka na njaa, kiporo cha leo hakimhusu.

Kuna sentensi moja naomba iondoke kwenye barua zenu: "mchezo utapangiwa tarehe nyingine." Inaonekana ya adabu. Kwetu ndiyo inayouma kuliko kuahirisha kwenyewe. Tukiwa pale kando ya barabara, kama barua ingesema mechi itachezwa Jumapili, au Jumamosi ya mwezi ujao, tungekuwa na kitu cha kuamulia. Watu 20 wangesema tubaki, 28 wangesema turudi, tungegawana. "Tarehe nyingine" ilituacha na dereva anayesubiri jibu na sisi hatuna hata swali la kumuuliza mtu. Anayeahirisha ataje tarehe mpya kwenye barua ileile. Asipoweza kuitaja, huenda hajawa tayari kuahirisha.

Na barua yenyewe itoke sehemu moja, ikiwa na saa juu yake. Katika basi letu karibu dakika 20 ziliishia kubishana kama muhuri ni halali. Vijana waliukuza kwenye simu mpaka ukawa ukungu.

Sasa la hela, nalo nitalisema upesi maana najua ndilo mnalolitarajia. Mechi ikiahirishwa, mazungumzo yote huwa ya tiketi: itarudishwa, au itatumika tena? Ni swali zuri na lijibiwe siku hiyohiyo. Ila tazameni ukurasa wangu wa safari ile. Nauli kwenda na kurudi, 130,000. Chakula njiani na mjini, aliyejibana sana alitumia 30,000. Kulala, kwa wasio na ndugu, 20,000. Tiketi ya mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, 10,000. Ninyi mnabishania mstari wa mwisho. Hata mkiurudisha wote, mmerudisha chai na chapati za Singida.

Siombi mturudishie nauli nchi nzima, si mtoto. Lakini matawi yanajulikana na orodha za safari zipo, zina majina na namba za basi. Ikithibitika kwamba mechi imekufa kwa uzembe wa upande fulani, na upande huo unapigwa faini, kuna ubaya gani sehemu ya faini ikalipia mafuta ya mabasi yaliyokuwa njiani? Hata nusu. Klabu ikijua kwamba kugoma kwake kutaletewa risiti za dizeli kutoka Mwanza, Mbeya na Arusha, nadhani hata ufunguo wa geti utapatikana haraka.

Najua kuna anayesoma hapa akisema moyoni kwamba watazamaji wengi wako kwenye televisheni. Ni kweli. Mkataba wa 2021 wa haki za matangazo, wa miaka 10, ni wa shilingi bilioni 225.6, na magunia ya dagaa hayafiki huko. Lakini zimeni sauti siku moja mtazame dabi kimyakimya. Ile kelele mnayoiuza imepanda basi.

Nimalizie safari. Tuliingia Mbezi saa 8 usiku, tukalala ndani ya basi, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Asubuhi kila mtu akatafuta sababu ya kuwa Dar: wengine Kariakoo kununua viatu ili warudi na kitu mkononi, wengine kwa ndugu. Mama akauza dagaa wake, na nasikia bei ilikuwa nzuri. Mzee wa reli akaniambia, "Mwanangu, nipeleke nikauone tu." Tukapanda daladala mpaka Temeke. Geti limefungwa, hakuna mtu, mabango ya mechi bado yananing'inia. Askari wa getini alimwangalia mzee, akaangalia kola, akatusogeza mpaka mahali ambapo mtu akiinamisha kichwa anaona kipande cha viti. Mzee akainama. Akakaa hivyo muda mrefu, mkono ameushika mgongoni.

"Ni mkubwa kuliko kwenye TV," akasema. Halafu akauliza choo kiko wapi.

Kiporo chake kilipopangwa kilikuwa katikati ya wiki. Wanawe wakasema wao mchango walishatoa. Akaitazamia kibanda umiza, mtaani kwake, kwa shilingi 500.

Tangu siku ile tawi limepitisha azimio: hakuna kukusanya nauli mpaka Alhamisi ya wiki ya mechi, tuone kwanza kama kutakuwa na mechi. Azimio zuri, nililiandika mimi mwenyewe. Tatizo ni mwenye basi. Yeye anataka malipo ya awali wiki mbili kabla, la sivyo gari linakwenda kwenye harusi. Juzi amenipigia, kuna mechi kubwa inakuja na mabasi yanaisha. Amesema atanisubiri mpaka Jumatatu. Nimemjibu kwamba na mimi kuna watu nawasubiri.

Wenu katika ujenzi wa soka,

Katibu wa tawi,
Mwanza.